Kidato cha Tano au Chuo: Barua ya Uchaguzi Isomwe Mara Mbili



Kila mwaka, matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, nyumba nyingi za mji wetu wa Arusha huingia katika mjadala. Zamani mambo yalikuwa mepesi. Aliyefaulu alikwenda kidato cha tano, aliyeshindwa alitafutiwa pa kujishikiza. Siku hizi kijana aliyefaulu vizuri kabisa anaweza kuchaguliwa kwenda chuo cha ufundi, na mzazi asijue kama apige vigelegele au aende kulalamika. Baba mmoja wa Ngaramtoni alinisimamisha majuzi karibu na Soko Kuu, akaniambia: "Mwandishi, kijana wangu kapata daraja la pili, wamempeleka chuo. Shangazi yake wa Moshi anapiga simu kila jioni kuuliza mtoto kafanya kosa gani."

Sikucheka. Shangazi huyo anasema kwa sauti yale ambayo wengi wetu tunayawaza kimya kimya, kwamba chuo ni mahali pa walioanguka. Wiki hii nataka tulitazame wazo hilo lilikotoka, kisha tuone kijana wa umri wa sekondari anapata nini na anapoteza nini anapoanza masomo ya chuo mapema.

Wazo hilo limetokana na hesabu za matokeo zenyewe. Ili mtoto aingie kidato cha tano katika shule ya serikali, anatakiwa awe na alama A, B au C katika masomo yasiyopungua matatu, na jumla ya pointi zake katika masomo saba isizidi 25. Pointi 25 ndiyo mwisho wa daraja la tatu. Aliyepata 26 yupo daraja la nne, na mlango huo kwake umefungwa. Kwa stashahada ya chuo, kwa upande mwingine, kinachotakiwa kwa kawaida ni kufaulu masomo manne yasiyo ya dini, na D inahesabiwa. D huanzia alama 30 kwa mia. Basi kwa kuwa chuo kinampokea hata wa daraja la nne, watu wakaamua kwamba ni cha daraja la nne. Ni sawa na kusema kwamba kwa kuwa basi la Usa River linapakia hata wasio na mizigo, basi wenye mizigo hawalipandi.

Tena ni wazo la juzi juzi tu. Wenye umri wangu wanakumbuka heshima ya Chuo cha Ufundi Arusha, pale njia panda ya barabara ya Moshi na ya Nairobi. Kilianzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano wa serikali yetu na ya Ujerumani Magharibi ya wakati huo. Kijana aliingia akitoka kidato cha nne, akasoma miaka mitatu, akatoka na cheti cha FTC. Huyo aliitwa fundi sanifu, na viwanda vya hapa mjini vilimhitaji. General Tyre ilikuwa bado inatengeneza matairi, na hakuna shangazi aliyeuliza kosa. Baadaye viwanda kadhaa vikafungwa, vyuo vikuu vikaongezeka, na shahada ikawa ndiyo kipimo cha utu. General Tyre yenyewe ilisimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Chuo hakikufa. Mwaka 2007 kilipewa hadhi mpya na muundo mpya, na sasa pamoja na stashahada kinatoa hata shahada. Kilichobadilika ni macho yetu.

Haya, tuingie kwenye hesabu yenyewe.

Kijana anayetaka kuwa mhandisi ana njia mbili. Ya kwanza ni miaka miwili ya kidato cha tano na sita, kisha miaka minne ya chuo kikuu. Jumla sita. Ya pili ni miaka mitatu ya stashahada, kisha miaka minne ile ile, kwa maana mwenye stashahada kwa kawaida huanza chuo kikuu mwaka wa kwanza pamoja na waliotoka kidato cha sita. Jumla saba. Kwa kalamu na karatasi, njia ya kidato cha tano ni fupi kwa mwaka mmoja, na mzazi anayejua kwa hakika kwamba mwanawe atafika chuo kikuu ana sababu nzuri ya kuichagua.

Lakini nani anajua kwa hakika? Kuingia shahada kwa njia ya kidato cha sita, Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, inataka angalau masomo mawili ya tahasusi yaliyofaulu, yenye jumla ya pointi nne. A ni pointi tano, B nne, C tatu, D mbili, E moja. Kijana aliyepata D na E ana pointi tatu, na kwa pointi tatu shahada hapati. Miaka miwili imepita, naye anatoka na cheti ambacho karakana, hospitali au ofisi ya uhasibu haijui ikiweke wapi. Wengi wa vijana hao ndio tunaowaona wakianza stashahada wakiwa na miaka ishirini, darasa moja na wenzao waliotoka kidato cha nne. Yule wa chuo akikwama katikati ya safari, ana alichokishika. Mfumo wa vyuo vyetu umepangwa kwa ngazi: ya nne ni astashahada ya awali, ya tano ni astashahada, ya sita ni stashahada. Kila ngazi ina cheti chake, na fundi sanifu wa umeme anaweza kuvuta nyaya za nyumba Njiro huku akisubiri nafasi ya kuendelea.

Hapo sasa ndipo wengine huvuka kiasi na kumpongeza mtoto wa chuo kana kwamba amepata njia ya mkato. Mlango wa chuo kikuu upo wazi kwa mwenye stashahada, ni kweli, ila una kizingiti. TCU inataka wastani wa GPA usiopungua 3.0 kati ya 5, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Hicho ni kiwango cha chini. Vyuo vikuu vyenye foleni ndefu hupandisha.

Na kuna kizingiti cha pili ambacho hakionekani ukisimama mlangoni. Nitakieleza kwa mfano wa utabibu, maana kozi hiyo inapendwa sana, na vyuo vya afya katika mkoa wetu na wa jirani ni vingi. Kuingia stashahada ya utabibu, kijana anatakiwa awe amefaulu kemia, biolojia na fizikia walau kwa D. Hisabati na Kiingereza vinamwongezea nafasi, lakini hazuiwi kwa kuvikosa. Anaingia, anasoma miaka mitatu, anafanya vizuri, GPA yake inang'aa. Anaajiriwa, anahudumia wagonjwa, halafu siku moja anaamua kusomea shahada ya udaktari. Anafungua mwongozo wa TCU na kukuta kwamba mwenye stashahada ya utabibu anayeomba udaktari anatakiwa awe na walau D ya kidato cha nne katika kemia, biolojia, fizikia, na pia hisabati na Kiingereza. F yake ya hisabati ya miaka sita iliyopita, aliyodhani ameiacha shuleni pamoja na sare, inamsubiri hapo.

Niliwahi kuongea na tabibu mmoja kijana aliyelazimika kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea ili airudie hisabati. Usiku zamu wodini, mchana milinganyo. Aliniambia kwa kicheko cha uchungu kwamba siku ya mtihani msimamizi alimwamkia "shikamoo" akidhani ni mzazi aliyemsindikiza mtoto. Alifaulu. Lakini angeambiwa akiwa na miaka kumi na saba, angeirudia hisabati mwaka ule ule, mada zikiwa bado kichwani.

Ndiyo maana nasema barua ya uchaguzi isomwe mara mbili. Mara ya kwanza tunaangalia kama kijana anaruhusiwa kuingia. Mara ya pili tunatazama mbele ya kozi hiyo: akitaka kupanda kutoka hapo, ataombwa nini, na je, anacho sasa? Swali la pili huulizwa mara chache sana, na mtu wa kulijibu yupo. Miongozo ya TCU na ya NACTVET, lile baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na ufundi stadi, hutolewa kila mwaka, na kijana yeyote mwenye simu anaweza kuisoma. Imeandikwa kwa Kiingereza kigumu, nakiri. Mwalimu wa taaluma wa shule aliyotoka anaweza kumsaidia kwa dakika kumi.

Huko huko NACTVET ndiko pa kuhakiki chuo chenyewe. Arusha ina vyuo vya serikali vyenye historia: mbali na Chuo cha Ufundi, kipo Chuo cha Uhasibu Njiro kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1990, kipo chuo cha VETA cha hoteli na utalii huko huko Njiro, na ukienda Tengeru unakuta cha maendeleo ya jamii na cha mifugo. Vipo pia vyuo binafsi vizuri. Lakini vipo vyumba viwili juu ya duka vyenye bango kubwa kuliko darasa. Mzazi asitosheke na kuambiwa "tumesajiliwa". Chuo kinaweza kuwa na usajili, na kozi anayoitaka mtoto isiwe na ithibati. Aulize namba ya usajili, na aulize kozi kwa jina lake.

Sasa fedha, maana hapa ndipo mijadala mingi ya nyumbani inapoishia. Ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali iliondolewa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23. Mwaka uliofuata, katika hotuba ya bajeti ya Juni 2023, serikali ilitangaza kuondoa ada kwa wanaojiunga na vyuo vya ufundi vya umma, na Chuo cha Ufundi Arusha kilitajwa pamoja na DIT ya Dar es Salaam na MUST ya Mbeya. Bodi ya Mikopo nayo, kuanzia mwaka wa masomo 2023/24, ilianza kukopesha wanafunzi wa stashahada katika kozi zilizowekwa kuwa za kipaumbele. Kwa hiyo ile hoja kwamba shule ni bure na chuo ni ghali haina nguvu iliyokuwa nayo. Hata hivyo mzazi aende na barua ofisi ya mhasibu akaulize msamaha huo unamgusa mtoto wake au haumgusi, kwa kuwa chuoni wapo pia wa kujilipia.

Gharama ambayo haimo kwenye barua ni chumba. Kidato cha tano cha serikali kwa sehemu kubwa ni bweni. Mtoto anakwenda na godoro, ndoo na jembe, huenda hadi Tabora au Songea, lakini akishafika kuna kengele ya kuamka, kuna matroni, kuna ugali na maharage hata kama anayalalamikia. Chuoni kijana huyo huyo wa miaka kumi na saba anahesabiwa mtu mzima. Akikosa hosteli, anapanga chumba Kijenge au Sakina, anajipikia, na hakuna wa kumuuliza saa ya kurudi. Wapo wanaokomaa haraka kwa maisha hayo. Wapo wanaopotea katika muhula wa kwanza, tena wenye akili nyingi, kwa sababu tu hakuna aliyewafundisha kugawa shilingi elfu hamsini kwa wiki nne. Kwa binti hatari ni kubwa zaidi, na wazazi wanaijua bila mimi kuwaeleza. Hili peke yake linaweza kuamua, na sioni aibu kwa mzazi anayesema: mwanangu ana akili ya chuo, lakini bado hana umri wa geto. Mwenye ndugu mjini, hata akiwa shangazi mwenye maneno mengi, ana nafuu.

Kumpa kijana wa sekondari masomo ya chuo ni jambo la zamani duniani. Mwaka 1901, katika mji wa Joliet, jimbo la Illinois huko Marekani, mkuu wa sekondari ya mji huo, J. Stanley Brown, akishauriana na William Rainey Harper, rais wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliweka masomo ya ngazi ya chuo ndani ya majengo ya sekondari yake. Wanafunzi walikuwa sita. Leo vyuo vya namna hiyo, vya miaka miwili na vya kuwahudumia wakazi wa eneo lake, ni sehemu kubwa ya elimu ya nchi ile. Mwaka 1985 jimbo la Minnesota lilikwenda mbali zaidi kwa sheria iliyomruhusu mwanafunzi wa sekondari kusoma baadhi ya masomo yake chuoni kwa gharama ya serikali, na somo moja likahesabiwa pande zote mbili. Malalamiko yao tungeyatambua hapa: somo lililokubaliwa na chuo kimoja hukataliwa na kingine, na kijana hugundua hilo akiwa ameshamaliza.

Sisi nasi tumeanza kitu kinachokaribiana na hicho. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeigawa sekondari katika mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Mwanafunzi wa amali anasoma masomo kadhaa ya kawaida, na pamoja nayo anajifunza fani: ufundi umeme, ujenzi, kilimo, ushonaji, ukarimu na utalii, michezo na nyinginezo. Akimaliza anatarajiwa kuwa na vyeti viwili, cha Baraza la Mitihani kwa masomo ya kawaida na cha NACTVET kwa fani yake. Kundi la kwanza liliingia kidato cha kwanza Januari 2024, na litafika kidato cha nne mwaka 2027. Hapa mtoto haondoki shuleni kwenda chuoni. Chuo ndicho kinachomfuata shuleni, kengele na matroni wakiwa palepale.

Naupenda mpango huu, na kwa kuwa naupenda nina wasiwasi nao. Tumewahi kupita njia hii. Baada ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, sekondari zetu katika miaka ya sabini zilipewa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansikimu. Kulikuwa na walimu waliojua kazi yao, na wapo watu wazima leo wanaokula kwa mchepuo waliousoma. Kisha vifaa vikachakaa, fedha za kununua mbao na vyuma zikakatika, na karakana zikageuzwa stoo za madawati mabovu. Niliingia katika moja miaka hiyo. Mashine ya kuchonga vyuma ilikuwa imefunikwa turubai, na kuku wa mlinzi ametagia chini yake. Majirani zetu wa Kenya nao, walipoanzisha mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, waliwachangisha wazazi kujenga karakana za useremala na vyumba vya sayansikimu, na miaka michache baadaye masomo hayo yakapunguzwa.

Kwa hiyo mzazi anayefikiria amali asiulize tu kama fani ipo kwenye orodha ya shule. Aulize nani anaifundisha, na kama mwalimu huyo amewahi kuifanya kazi hiyo mahali pengine nje ya darasa. Aulize wanafunzi wangapi wanatumia mashine moja. Aulize pia mtoto atafanya mitihani ya masomo gani ya kawaida. Hapo turudi kwenye kile kizingiti kisichoonekana: masomo manne yatahitajika kwa stashahada, na kwa kozi za uhandisi hisabati na fizikia ndizo hutazamwa kwanza. Cheti cha fani peke yake, hata kiwe kizuri namna gani, hakijazi nafasi ya fizikia ambayo mtoto hakuifanya.

Kwa wale wa kidato cha nne waliomaliza, kuna jambo la tarehe. Kati ya matokeo ya Januari na uchaguzi unaotangazwa kuelekea katikati ya mwaka, TAMISEMI hufungua nafasi ya kubadili machaguo ya tahasusi na vyuo kwa njia ya mtandao. Tahasusi zenyewe sasa ni nyingi, ziliongezwa mwaka 2024 hadi 65, na wapo watoto waliojaza wakiwa kidato cha nne kwa kufuata rafiki. Nafasi hiyo ikifungwa, kilichobaki ni barua za maombi na kuzunguka ofisini.

Baba wa Ngaramtoni alifanya nilichomwomba. Alikaa na kijana wake, wakaitazama karatasi ya matokeo somo kwa somo: hisabati C, fizikia C, kemia D, Kiingereza C. Kozi ni uhandisi wa umeme, na kijana mwenyewe ndiye aliyeijaza kama chaguo la kwanza bila kumwambia mtu. Shangazi amekwisha kuarifiwa, na sasa anauliza kama kijana anaweza kwenda kumtazamia nyaya za jikoni wakati wa likizo.